Tupeane uzoefu: watoto wetu, gemu na shule (watu wa nyanda za juu kusini karibuni)

Ticha Uyole
Habari za jioni wadau. Mi ni mwalimu wa hesabu shule ya msingi huku Mbeya na ni baba wa watoto wawili wa kiume, mkubwa yuko la sita mdogo yuko la tano, na kwa huu mtaala mpya ulioanza 2024 wote wawili wanamaliza 2027, yani mkubwa wa mtaala wa zamani anaishia la saba, mdogo wa mtaala mpya anaishia la sita, wanatoka pamoja mwaka mmoja, kwa hiyo mnaelewa nyumbani kwangu kuna presha ya aina gani. Nikifikiria hizo nafasi za kidato cha kwanza usingizi unakata.

Sasa kilichonileta. Mwezi uliopita niligundua hela ya tuisheni ya mkubwa haifiki kwa mwalimu, inaishia kibanda cha gemu karibu na kituo cha daladala, mechi moja 300. Nikatoka nyumbani na hasira zangu na mkanda mkononi, nafika pale mlangoni mtoto hajaniona, yuko bize ukutani na chaki. Wameandika msimamo wa ligi yao, timu nane, mechi, magoli ya kufunga, ya kufungwa, tofauti, pointi, na anayeujaza ni mwanangu. Kuna dogo analalamika ameonewa, mwanangu anamwambia wewe ulikuwa na hasi nne umeshinda tano bila sasa una chanya moja, kaa chini. Kichwani, bila karatasi! Huyu huyu kwenye mtihani wa nusu muhula alipata 34 na mtunzi wa ule mtihani ni mimi.

Mkanda nikauweka mfukoni nikakaa kwenye benchi mpaka mechi ikaisha. Njiani narudi naye nikamuuliza taratibu, kwa nini tuisheni huendi. Akanyamaza mpaka tumekaribia nyumbani ndo akasema, "Baba, kule kwenye gemu nikikosea wananiambia rudia. Tuisheni nikikosea nachapwa." Nina miaka 14 kwenye hii kazi na lile jibu lilinikaa kifuani siku kadhaa, maana na mimi fimbo nimeshika sana.

Msimamo wangu ni kwamba tusimpokonye mtoto gemu kabla hatujakaa pembeni yake tukajua anacheza nini, na nani, na anakimbia nini. Wazee wetu pale Mwanjelwa wanasukuma bao na drafti toka asubuhi mpaka jua linazama na hakuna anayewaita wahuni, na bao ni hesabu tupu, mashimo 32 kete 64 na mtu anapiga hesabu ya mizunguko mitatu mbele. Tunachowakatalia watoto ni nini hasa? Karibuni mtoe ya kwenu, hata kama unanipinga.

Mama Kihesa
Kamwene wote. Ticha nimekusoma vizuri ila yangu ilikuwa ya maumivu kidogo. Niko Iringa nina genge la mboga. Kijana wangu wa miaka 13 alikuwa anachezea simu yangu lile gemu la kupigana risasi, mi naona ametulia ndani haendi mitaani nikashukuru Mungu. Kumbe namba ya siri ya hela za simu anaijua, ndani ya wiki tatu zimeondoka 86,000, anamnunulia yule mtu wake wa kwenye gemu nguo na bunduki. Hiyo hela ndimo ulikuwemo mchango wa chakula cha shuleni wa mdogo wake. Kilichoniuma zaidi nilimtuhumu wakala mbele za watu kwamba ananiibia, ikabidi nirudi kumuomba radhi na mchele kilo mbili mkononi, na nilimuomba mbele ya watu wale wale.

Sikumpiga kijana. Likizo ya mwezi wa sita nikamwambia utakaa na mimi gengeni na baridi hii ya Iringa mpaka hiyo hela irudi. Fungu la chainizi tunauza 300 faida yake haizidi 100, akapiga hesabu mwenyewe kwenye kidaftari akapata mafungu 860. Siku ya nne alikaa kimya sana afu akaniambia mama sikujua hela inatoka huku. Mpaka leo gemu anacheza ila kwenye simu ambayo haina laini. Jamani wazazi badilisheni namba za siri leo leo, na msitumie mwaka wa kuzaliwa mtoto maana ndo wa kwanza wanaoujaribu.

Fundi Mbao Mafinga
Mi nitaongea kama yule aliyekuwa mtoto. Nilimaliza kidato cha nne 2012, nilikuwa mtu wa PS2, ile mashine ya gemu, kweli kweli, na matokeo yalipotoka mwanzoni mwa 2013 nikapata ziro. Mzee wangu akachukua pedi zangu mbili za kuchezea akazitwanga kwa nyundo uani, akaniambia gemu ndo limekuua. Lakini kumbukeni ule mwaka, zaidi ya nusu ya waliofanya ule mtihani nchi nzima walipata ziro, mpaka serikali ikaunda tume na matokeo yakapangwa upya. Rafiki yangu wa jirani hajawahi kushika pedi maisha yake na alipata ziro kama mimi. Shule yetu haikuwa na mwalimu wa fizikia toka kidato cha pili, kemia tulifundishana wenyewe. Mbona hilo halikupigwa nyundo?

Sisemi sikuwa na kosa, usiku wa kuamkia mtihani wa baiolojia nilicheza mpaka saa saba na hiyo naijutia. Nilirisiti mara mbili nikapata za kunitosha kwenda kusomea ufundi. Mzee alishafariki, hili jambo hatukuwahi kulizungumza. Ndo maana nilivyosoma ticha amekaa kwenye benchi akamsubiri mtoto, nimeisoma hiyo sehemu mara mbili.

Tabibu Njombe
Niongeze la kitaalamu kidogo. Shirika la Afya Duniani limeingiza uraibu wa gemu kwenye orodha ya magonjwa, toleo la 11, linatumika toka Januari 2022. Ila wazazi wengi wanalichukua vibaya, mtoto kupenda gemu sio ugonjwa. Tunaangalia kama ameshindwa kabisa kujizuia, gemu limetangulia kula na kulala na shule na marafiki, anaona madhara na bado anaendelea, na kwa kawaida hali iwe imekaa kama miezi 12. Kwa miaka yangu ya kazi nimekutana na kijana mmoja tu wa hivyo, na ukichimba alikuwa amefiwa na mama yake mwaka huo huo. Wachina toka 2021 wamewawekea walio chini ya miaka 18 masaa matatu tu kwa wiki ya gemu za mtandaoni, Ijumaa Jumamosi Jumapili lisaa limoja limoja, ukiacha sikukuu. Sheria inaweza kufunga gemu, ila yule kijana alihitaji mtu wa kukaa naye alie.

Dereva wa Tunduma
Mi niko barabarani, Dar Tunduma na kuvuka, nyumbani naonekana siku tano kwa mwezi. Binti yangu yuko la tano tulipo Vwawa. Kila jioni nikipaki tunacheza ludo kwenye simu, mi niko Makambako yeye yuko kitandani kwake, ndo tunaongea humo humo, leo mwalimu kasema hivi, leo fulani kanichokoza. Watu wanasema gemu linatenganisha familia, yangu mimi ndo limeishika.

Sasa mwishoni mwa Oktoba 2025 siku ya uchaguzi intaneti ilipozimwa nchi nzima, mwanangu jioni ya kwanza kasubiri mwaliko wa ludo hauji, ya pili hauji, akajua baba amepata ajali. Nilipofanikiwa kumpata kwa simu ya kawaida alikuwa analia hawezi kuongea. Afu akaniuliza baba nani amezima na kwa nini. Wadau, hilo swali kumjibu mtoto wa miaka 11 ni zito. Nilimwambia ninachokijua, kwamba serikali ndo imezima, kwamba kuna watu wameumia na wengine wamepoteza maisha, na kwamba baba yuko salama. Mama yake hakupenda, alisema mtoto mdogo huyo. Mi nikaona akiyasikia shuleni yatakuja yameongezwa chumvi, bora ayasikie kwangu.

Mwenye Kibanda Ilomba
Nina skrini nne. Mwanafunzi mwenye yunifomu haingii, na asiye na yunifomu haingii kabla ya saa kumi jioni siku za shule. Napoteza hela ndio, ila na mimi nina watoto. Mzazi ukija ukaniambia huyu wa kwangu mwisho mechi mbili, naandika jina lake ukutani na nalifuata. Miaka sita toka nifungue wamekuja wazazi watatu tu, na wawili walikuja kugomba.

Mama Mwalimu Kyela
Mi nafundisha kiingereza sekondari. Watoto wanatoka la saba wamesoma kila kitu kwa kiswahili, Januari wanakuta masomo karibu yote yamegeuka kiingereza na darasa zima linakuwa bubu. Mwaka jana nilikuwa na mmoja anasoma maelekezo yoyote bila shida, nikamuuliza ulisoma wapi, akaogopa kusema. Ni gemu mwalimu. Alijifunza ili asipoteze mechi. Ila ticha wa Uyole nakupinga sehemu moja, usiku hapana, wangu wawili wanasinzia dawatini kila Jumatatu na huyo msoma maelekezo ni mmoja wao.

Ticha Uyole
Mama Mwalimu nakubali, usiku hapana, na kwangu simu zinalala chumbani kwetu saa mbili na nusu. Mama Kihesa yale mafungu 860 nayachukua kwa darasa langu kama utaniruhusu, jina sitataja. Dereva, ulifanya sawa kumwambia, mi wangu niliwaambia subirini mkikua na mdogo mpaka leo anauliza.

Mrejesho wa kwangu: nimeenda kwa mwalimu wa tuisheni tumeongea kiutu uzima, fimbo ameiweka chini, na hela nampelekea mwenyewe mkononi. Na shuleni fimbo yangu nimeiacha ofisini toka wiki ile. Kibandani ni Jumamosi saa nane mpaka saa kumi, na mimi nakuwepo benchini. Ule msimamo wa ligi niliuhamishia ubaoni darasani kufundisha namba hasi, walinyoosha mikono mpaka nikakosa wa kumchagua. Ligi yao inaisha wiki hii, mkubwa ameniomba chaki za rangi kwa ajili ya msimu mpya.