Gemu ya kuchapa yenye hadithi, shindano la saa 48: hadithi ikae wapi?

herufi_mbio
Wakuu, naomba ushauri. Gemu itachezwa kwenye kivinjari, ndani ya ukurasa wa itch.io, tovuti ya kuchapishia gemu. Natumia JavaScript tupu (lugha ya programu ya kivinjari). Mchezaji anachapa maneno yanayotokea, na hadithi inasimuliwa kwenye kisanduku juu ya skrini. Kila anayeijaribu anamaliza sura ya kwanza bila kujua kilichotokea. Nifupishe maandishi au nipunguze kasi?

nukta_mkato
Hata ukifupisha hawatasoma. Anayechapa huku akifukuzana na saa macho yake yako kwenye herufi inayofuata tu. Ondoa kisanduku; anachokichapa ndicho kiwe hadithi. Mpe mhusika sababu ya kuandika: barua, shajara, ujumbe wa mwisho kabla umeme haujakatika. Kisha herufi zenyewe zisimulie. Mfano: neno lililo mbele yake ni "nitarudi", lakini kila kitufe anachobonyeza kinatoa herufi za "sitarudi". Ameshaujua moyo wa mhusika, na hujaandika sentensi hata moja ya maelezo. Hila hiyo itumie mara moja au mbili. Ukizidisha atadhani kibodi yake ni mbovu. Maelezo ya lazima yaweke kati ya sura na sura, saa ikiwa imesimama, mistari miwili, aendelee kwa Enter.

Kuhusu kasi, hesabu herufi, usihesabu maneno. Vipimo vya kuchapa huchukua neno moja kuwa herufi 5, hivyo maneno 40 kwa dakika ni herufi 200, kama 3.3 kwa sekunde. "Wanakumbushana" ni neno moja lenye herufi 14! Anza na herufi 2 kwa sekunde, ongeza sekunde 1 ya kusoma: neno hilo lipewe sekunde 8.

kitufe_cha_saba
Naunga mkono. Upande wa msimbo, sikiliza keydown (tukio la kubonyezwa kitufe) na usome event.key, yaani herufi iliyotoka. Usitumie event.code, maana hiyo hutaja mahali kitufe kilipo: kwenye kibodi ya AZERTY (mpangilio wa Kifaransa), A itasomeka KeyQ. Puuza event.repeat, la sivyo kitufe kilichoshikiliwa kitamwaga makosa. Weka preventDefault (amri ya kuzuia kazi ya kawaida ya kitufe) kwenye kitufe cha nafasi, la sivyo ukurasa utateleza chini, na kwenye kitufe cha ritifaa ('), ambacho Firefox hukitumia kufungua utafutaji.

Ritifaa ina mtego mwingine. Programu za kuandikia hugeuza ' kuwa ’ iliyopinda. Kibodi inatoa ile iliyonyooka, kwa hiyo mchezaji akifika "ng'ambo" anakwama na gemu imeishia hapo. Badilisha zote ziwe zilizonyooka kabla ya kupakia maandishi.

Anza na kitufe cha "Bofya kuanza". Bila kubofya, vitufe haviifikii gemu iliyo ndani ya fremu ya ukurasa wa itch.io, na kivinjari huzuia sauti. Akikosea herufi, iwake nyekundu na isisogee, usimlazimishe kufuta. Herufi zilizochapwa zibadilishe rangi tu, kwani ukizikoleza upana unabadilika na mstari mzima unacheza.

herufi_mbio
Asanteni sana. Nataka pia mchezaji achague njia kwa kuchapa. Na simu je?

kitufe_cha_saba
Chaguo zilizo pamoja kwenye skrini zianze na herufi tofauti, ili ya kwanza tu ioneshe amechagua nini. "Kimbia" na "kaa" zitagongana. Weka "kimbia" na "ngoja". Simu iache. Kibodi za Android mara nyingi hurudisha "Unidentified" (haijulikani) kwenye keydown badala ya herufi, na itakubidi usome kila kitu upya kupitia kisanduku cha kuandikia kilichofichwa. Muda huo uandikie sura ya mwisho.