Eti "programu ni ya bure, mlitegemea nini?" Marehemu kashukuriwa kwa mchango wa mwaka huu, halafu mtaalamu anatujibu hivi!

MtunzaOrodha

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Nimetoka kikaoni sasa hivi, hata kiti changu hakijapoa.

Simtaji jina kwa sababu mnamjua. Yule mtaalamu wa mifumo ya asasi, mwenye laptopu iliyojaa stika mpaka huwezi kujua ilikuwa rangi gani, anayeanza kila sentensi na "kwa uzoefu wangu". Kama umewahi kufanya kazi kwenye asasi yoyote isiyo ya faida, huyu umeshakaa naye meza moja, na umeshalipa ankara yake.

Tulimpa kazi MOJA. Wachangiaji wetu wako kwenye CiviCRM, ile programu ya bure ambayo asasi hutunzia majina na michango, na kama ilivyo kawaida, majina yalikuwa yanajirudia. Mtu mmoja yupo mara tatu, mara kwa jina la ujana, mara kwa jina la ndoa, mara ameandikwa na mtu aliyekuwa anasinzia. Asafishe, basi.

Sasa kuna mama mmoja anatuchangia kila mwezi, tangu kabla sijaajiriwa. Yeye na mumewe walikuwa wanatumia barua pepe moja, kama wazee wengi. Mzee alifariki miaka kadhaa iliyopita. Alama ya marehemu kwenye rekodi yake niliiweka mimi mwenyewe, na tarehe nikaandika. Rekodi mbili, watu wawili, mmoja yuko hai na mmoja yuko kaburini. Hata mtoto angeelewa.

Bwana mkubwa kaja na kanuni ya kutafuta majina pacha kwa barua pepe TU. Mfumo wenyewe ukakataa! Ukasema hawa majina yao hayafanani, nimewaruka, waangalie kwa macho yako. Yeye akabonyeza kulazimisha rekodi ziunganishwe. Akawalazimisha wote kwa mpigo, akafunga laptopu akaenda zake. Rekodi iliyobaki ikawa ya mzee. Ya mama ikaenda kwenye pipa, na michango yake yote ikahamia kwa mumewe.

Barua za shukrani za mwisho wa mwaka zikachapwa, zikatumwa. Mama kafungua bahasha kakuta jina la mumewe, "tunakushukuru kwa kutuchangia kila mwezi mwaka huu". Akanipigia simu. Hakufoka. Aliniuliza hivi: "Mwanangu, mume wangu hizo pesa anazitoa wapi?"

Nilikosa jibu wakuu. Nilitamani ardhi ipasuke.

Leo kikaoni mwenyekiti wa bodi kamuuliza mtaalamu ilikuwaje. Kaegemea kiti, kakunja nne, kasema: "Mwenyekiti, hii programu ni ya bure. Mlitegemea nini?"

MLITEGEMEA NINI! Na ankara yake iko pale pale mezani, mbele ya mwenyekiti, kurasa mbili! Programu ni ya bure, ndiyo, lakini yeye ni wa bure? Kidole kilicholazimisha ni cha programu? Mlitegemea nini. Sijawahi kusikia kitu kama hicho tangu nizaliwe. Wajumbe wote wakageuka kuniangalia MIMI, kama vile mimi ndiye niliyemfufua mzee akatoe mchango.

Mlitegemea nini. Naomba mnishauri kabla sijafanya jambo.

---

Mchokonozi

Uzi mrefu kama reli kumbe ni kitufe kimoja. Mkuu, kwenye CiviCRM kuunganisha rekodi kuna ruhusa yake, na KULAZIMISHA kuunganisha kuna ruhusa nyingine kabisa, ya peke yake. Nani alimpa? Jibu hilo kwanza halafu uendelee kulia.

---

MtunzaOrodha

@Mchokonozi mkurugenzi ndiye aliyempa ruhusa zote, siyo mimi, na barua pepe ya kumpa ninayo. Na hata angepewa funguo za dunia nzima, "mlitegemea nini" imetoka mdomoni mwake mbele ya bodi. Hapo ndipo nilipo. Sibanduki.

---

Jicho_Kali

Pole sana dada/kaka. Huyo bwana namjua. Stika ya pengwini iko karibu na kamera, sivyo?

---

MtunzaOrodha

@Jicho_Kali HIYO HIYO.

---

Fundi_Seva

Tuwekane sawa kidogo maana naona mnaichafua programu bila sababu. CiviCRM ipo tangu 2005, leseni yake ni AGPL, yaani msimbo wake uko wazi kwa yeyote, na Wikimedia, wanaoendesha Wikipedia, wanaitumia kushughulikia michango ya watu duniani kote. Siyo kitu cha kuokota.

Mfumo unakuja na kanuni zake za kutambua majina pacha. Moja inaangalia barua pepe peke yake. Hiyo imewekwa kwa ajili ya mtu anayejaza fomu mtandaoni mwenyewe, pale ambapo hakuna mtumishi wa kuamua. Nyingine inaangalia jina la kwanza, la ukoo na barua pepe, na hiyo ndiyo ya mtu aliyekaa mbele ya skrini. Huyo mtaalamu wenu kachukua ya kwanza akasafishia nayo kanzidata nzima. Wanandoa, ndugu, ofisi nzima inayotumia anwani moja, wote wanageuka mtu mmoja.

Wanandoa walitakiwa wabaki watu wawili, halafu kama mnataka kuwatumia barua moja nyumbani mnaunda rekodi ya kaya na kuwafunga humo kwa uhusiano. Aina hiyo ya rekodi ipo: mtu, kaya, taasisi. Imewekwa kwa sababu hii hii.

Na habari mbaya ni kwamba mama unaweza kumtoa kwenye pipa, lakini michango haimfuati. Itabaki kwa mzee mpaka muihamishe kwa mkono au mrudishe nakala rudufu. Alichukua nakala kabla ya kuanza?

---

MtunzaOrodha

@Fundi_Seva nilimuuliza swali hilo hilo la nakala rudufu. Unajua alivyojibu? "Kwa uzoefu wangu haihitajiki." Halafu huyo huyo ndiye anasema mlitegemea nini! Nilitegemea nakala rudufu, ndicho nilichotegemea!!

---

Fundi_Seva

Hapo hata mimi nimekasirika.

---

MamaTakwimu

Nyie mna bahati. Sisi huyo huyo alitufungia mfumo juu ya Drupal 7, ile programu ya kuendeshea tovuti ambayo CiviCRM inakaa juu yake. Msaada wa Drupal 7 ulikoma Januari 2025. Nikampigia mapema kabisa, akasema hakuna haraka. Sasa hivi simu haipokei, wachangiaji wetu wote wako kwenye jumba lisilo na mlinzi, na kila toleo jipya la CiviCRM likitoka naliangalia tu kama mtoto anayechungulia dukani. Rekodi moja ya mzee ni nini mbele ya hilo?

---

Mchokonozi

@MamaTakwimu angalau wewe una sababu ya kufungua uzi.

---

MtunzaOrodha

@Mchokonozi una nini na mimi?

---

KalamuNzito

Mimi huyo sijawahi kumwajiri namshukuru Mungu, ila aliyetufungia sisi hakuweka zile kazi za kujiendesha zilizopangwa. Tukaandika jarida la wanachama, tukapanga liende Jumatatu, kila mtu akapongezana. Halikwenda. Tukaandika lingine. Halikwenda. Siku kijana mmoja alipogundua tatizo na kuwasha hizo kazi, yote yakatoka kwa mpigo. Wanachama wakapata mwaliko wa mkutano uliokwisha, kumbushio la mkutano uliokwisha, na shukrani za kuhudhuria, asubuhi moja. Kuna aliyejibu "nimefurahi sana kuwepo". Hakuwepo!

---

Jicho_Kali

😂😂😂 nimeshindwa kuendelea na kazi

---

Mhazini_2

Wote mnalalamikia wataalamu. Mimi nalalamikia mkurugenzi. Tumefunga mfumo, tumefundisha watu, fomu za michango zinafanya kazi, ripoti zinatoka. Yeye ana faili lake la Excel. LAKE. Lina wafadhili wakubwa wote, liko kwenye kompyuta yake, na kila robo mwaka ananitumia kwa barua pepe likiwa na jina jipya. La mwisho linaitwa "orodha_mpya_sahihi_TUMIA_HII". Lile la kabla yake pia linaitwa hivyo hivyo. Akipigiwa na mfadhili anabadilisha kwake, mfumo haujui. Halafu kwenye kikao anauliza kwa nini takwimu za mfumo hazilingani na za kwake.

---

MamaTakwimu

@Mhazini_2 njoo nikukumbatie. Wa kwetu analo, na lina rangi. Kijani ni aliyetoa, njano ni aliyeahidi, waridi hakuna anayejua.

---

Fundi_Seva

Ahadi zina sehemu yake kwenye CiviCRM, zina ratiba ya malipo na vikumbusho. Hakuna haja ya njano.

---

Mhazini_2

@Fundi_Seva umwambie wewe.

---

MtunzaOrodha

Jamani. Uzi wangu ulihusu mtu aliyeambia BODI NZIMA "mlitegemea nini" wakati mjane anasubiri kuombwa radhi. Naomba turudi hapo. Niandike barua ya malalamiko au nimsubiri mlangoni?

---

Kijana_WP

Shida yenu yote ni Drupal. Wekeni CiviCRM juu ya WordPress mlale usingizi.

---

Fundi_Seva

@Kijana_WP kuunganisha rekodi ni kule kule, iwe WordPress, Drupal, Joomla au Backdrop. Kanuni hazibadiliki hata kidogo. Soma uzi.

---

Kijana_WP

Nimesoma. WordPress.

---

MamaTakwimu

Na mimi nikihama Drupal 7 nikaenda WordPress, data inakuja yote au ndiyo nianze kuzika watu upya?

---

Fundi_Seva

@MamaTakwimu inakuja, jedwali za CiviCRM ni zile zile. Kinachobadilika ni akaunti za watumiaji na ruhusa. Jaribu kwanza kwenye nakala, usiguse mfumo hai. Njoo inboksi tupange. Wewe @MtunzaOrodha andika barua, ambatanisha kumbukumbu za mabadiliko kwenye rekodi ya mzee. Mfumo unaandika nani aliunganisha na lini. Kama mliwasha ufuatiliaji kamili, hata kila thamani ya zamani ipo na inarudishika.

---

MtunzaOrodha

Nimeangalia. Jina lake lipo, saa ipo, usiku wa manane. Naiprinti na kuipeleka kwa mwenyekiti mwenyewe, mkononi, nikae nimsubiri aisome mpaka mwisho. Mlitegemea nini! Atategemea yeye safari hii.

---

Mchokonozi

Haya, nenda. Ukirudi utuambie.

---

Mhazini_2

Wakuu swali nje ya mada. Nataka kuingiza lile faili la mkurugenzi kwenye mfumo, tarehe za kuzaliwa zimeandikwa 3/4. Mfumo utajuaje kama ni tarehe tatu mwezi wa nne au tarehe nne mwezi wa tatu?

---

Fundi_Seva

Haujui. Unapoingiza faili unachagua mpangilio wa tarehe, mmoja kwa faili zima.

---

Mhazini_2

Na kama faili moja lina mipangilio yote miwili?

---

Fundi_Seva

Nani anaandika tarehe kwa mipangilio miwili kwenye faili moja?

---

Mhazini_2

Mkurugenzi.

---

Fundi_Seva

Fungua uzi wako.