Netsuke ya joka na kengele: ni kisa gani?

Swali
Ndugu wapenzi wa sanaa, naomba msaada. Katika picha za netsuke, zile sanamu ndogo za Kijapani zinazoenea kiganjani, nimeona moja inayonitatiza: mwanamke mwenye pembe na mwili wa nyoka amejiviringisha kwenye kengele, na ubavuni mwa kengele pana kitundu ambamo uso wa mtu unachungulia. Hao ni akina nani?

Jibu la kwanza
Huyo ni Kiyohime, na aliyemo ndani ni mtawa Anchin. Masimulizi yanasema kwamba Anchin, akiwa safarini kwenda kuhiji Kumano, alimwahidi binti huyo kuwa angemrudia, kisha akamkwepa. Kiyohime alipotambua kwamba amehadaiwa, alimfukuza hadi mto Hidaka, akajitosa majini, na hasira ikamgeuza joka. Watawa wa hekalu la Dojoji walimficha Anchin chini ya kengele yao, lakini joka liliizonga na kuiunguza mpaka aliyejificha akateketea. Pembe hizo ni za hannya, barakoa ya mwanamke aliyepagawa na wivu katika tamthilia za noh.

Jibu la pili
Niongeze kuhusu umbo, kwa sababu lilichangia kuamua visa vipi vichongwe. Kimono haina mifuko ya kushonewa, hivyo wanaume wa zama za Edo (1603–1868) walining'iniza mfuko wa tumbaku au kijaluba cha dawa kwa uzi uliopitishwa nyuma ya mshipi, na netsuke ikauzuia uzi usiponyoke. Ilifaa iwe ya mviringo, isiyo na ncha za kukwaruza nguo au kuvunjika. Joka lililojikunja juu ya kengele linatimiza hayo bila kulazimishwa. Hata hivyo, mimi nampenda zaidi tanuki, mnyama wa jamii ya mbwa, aliyejigeuza birika, kichwa na mkia vikichomoza pembeni, ingawa najua wengi watanipinga.

Jibu la tatu
Si visa vyote vyenye asili ya Japani. Shoki, mfukuza mazimwi, alitoka China, na wachongaji walipenda kumkejeli: jitu lenye ndevu na upanga linasaka huku na huku, kumbe zimwi dogo limejibanza juu ya kofia yake. Nawe muuliza swali, ukipata picha ya upande wa chini, tazama matundu ya uzi. Mara nyingi moja huwa pana kuliko jingine ili fundo lizame humo.