Naomba ushauri: niende kusoma uzamili Marekani au nibaki kazini Dar?

Habari zenu wakuu, na wakubwa shikamooni.

Mimi ni programa, naishi Tabata, nimeajiriwa Posta kwenye kampuni ya mifumo ya malipo ya simu. Nimepata nafasi ya kusoma uzamili wa sayansi ya kompyuta Marekani, ila ufadhili ni nusu ada. Mzee yuko tayari kuuza kiwanja cha Kigamboni kufidia iliyobaki. Hapo ndipo roho inaposita, maana kiwanja kile ni cha sisi wote na wadogo zangu bado wanasoma.

Ninavyojua, ukihitimu unaweza kuruhusiwa kufanya kazi miezi 12, na kwa fani kama yangu kuongezewa 24. Ukitaka kuendelea, mwajiri akuombee viza ya kazi iitwayo H-1B: nafasi 65,000 kwa mwaka, na 20,000 zaidi kwa waliosoma uzamili kulekule. Waombaji ni wengi mno, kwa hiyo kuna bahati nasibu.

Nimemwandikia mratibu wa kozi kuomba kazi ya kusaidia kufundisha, akajibu wanaanza na wanafunzi wa uzamivu (PhD).

Mliosoma huko, kazi hiyo hupatikana kuanzia muhula wa pili? Na mnaoajiri maprograma hapa Dar, uzamili wa nje unapandisha mshahara, au mnaangalia kazi alizofanya mtu?

Natanguliza shukrani.