Naomba ushauri: kipi kinatangulia, kifungu cha wastani au ekseso?

Habari za humu wakuu. Naomba msaada wa wanaoshughulika na madai ya bima ya moto.

Mali ya dukani ina thamani ya milioni 10, lakini kwenye hati imekatiwa bima ya milioni 6. Moto umeteketeza ya milioni 4. Wengi hudhani kwa kuwa hasara haijafika milioni 6, italipwa yote. Hailipwi, kama hati ina kifungu cha wastani, yaani kinachopunguza malipo kwa uwiano wa kiasi cha bima na thamani ya mali: 6 gawa kwa 10, zidisha kwa milioni 4, unapata milioni 2.4. Nyingine anaibeba mwenye mali. Na thamani inayopimwa ni ya siku ya moto, si ya siku ya kukata bima. Ndipo wenye biashara iliyokua wanaponaswa.

Sasa ekseso, yaani sehemu ya hasara anayojibebea mteja, ni laki 2. Ikikatwa mwishoni, malipo ni milioni 2.2. Ikikatwa kwanza, ni milioni 2.28. Tofauti ni 80,000, na hati yenyewe imenyamaza. Ninavyoona mimi, utata huo ufasiriwe kwa faida ya mteja, maana kampuni ndiyo iliyoandika hati. Mmewahi kuona hoja hiyo ikikubaliwa?

La pili: fomu ya kupokea malipo inasema "malipo kamili na ya mwisho". Je, mtathmini akigoma kubadili hesabu, kuna namna ya kupokea kiasi kisichobishaniwa bila kusaini hayo maneno?