Dirisha la korido: pazia, blaindi ya rola au stika ya kioo?

Korido_Nyembamba: Wakuu, dirisha liko ubavuni mwa korido, upana sm 90, kimo sm 120, aluminiamu ya kuslaidi. Korido ina mita 1.1 tu. Tuko Kigamboni, na taa ikiwaka usiku jirani anaona mpaka mlango wa bafu. Niweke nini?

FundiBiti: Grili iko ndani au nje? Hapo ndipo jibu lilipo.

Korido_Nyembamba: Ndani. Kutoka nondo hadi usawa wa plasta imebaki sm 3.

FundiBiti: Basi rola ya kuingia ndani ya fremu sahau, kichwa chake kinataka kama sm 6. Funga juu ya ukuta, agiza upana wa sm 100 ili izidi sm 5 kila upande. Juu ya dirisha kuna lenta, yaani boriti ya zege: drili isiyo na nyundo itazunguka tu na kuunguza biti. Biti mm 6, plagi mm 6, skrubu mm 40 zisizoshika kutu. Skrubu fupi hushika plasta peke yake, na ukivuta blaindi mara kumi inatoka na bonge. Kama kuna watoto, mnyororo ufungwe ukutani, sm 150 kutoka sakafuni.

Stika_na_Vioo: Mimi ningesema stika ya ukungu, haili nafasi hata kidogo na inaficha mchana na usiku. Usiuziwe ile ya kioo-kioo: usiku taa ikiwa ndani, inageuka, wewe ndiye unayeonekana.

FundiBiti: Na grili ikiwa ndani, hiyo stika ataibandikaje?

Stika_na_Vioo: Kweli. Raba ya kukwangulia, ile ya kusukuma hewa itoke chini ya stika, lazima ipite kwa mkupuo mmoja, ukikatisha penye nondo povu linabaki palepale. Kama grili ni ya skrubu, ifungue kwanza. Kama imejengewa ukutani, achana na stika. Halafu ukislaidi kioo upate hewa, nusu ya dirisha iko wazi, stika au bila stika.

MshoniPazia: Ndiyo maana mimi nabaki na pazia. Rola ukiishusha umezima upepo, na korido ndiyo inayopitisha hewa nyumba nzima. Shona shela, kile kitambaa chepesi kinachopitisha mwanga na hewa. Bomba sm 120, kitambaa mara mbili yake, sm 240, kwa hiyo kile cha upana wa mita 2.8 kinatosha kipande kimoja. Kata urefu wa mita 1.8, hapo kuna kichwa na pindo. Bomba likae karibu na ukuta, mikunjo isizidi sm 10, la sivyo kila anayepita na ndoo analifagia kwa bega. Pindoni tia vizito. Shela tupu haifichi usiku; chagua iliyofumwa nzito kidogo, ijaribu dukani kwa kuiweka mbele ya tochi ya simu.

Korido_Nyembamba: Grili imejengewa, kwa hiyo pazia. Nyeupe itafaa, dada?

MshoniPazia: Kwa hewa ya chumvi, hapana. Upepo ukivuta kwenda nje, kitambaa kinagandamana na nondo na kutu inachora mistari. Kutu ikishachora, usiweke klorini, itaikaza. Limau na chumvi, anika juani, kisha suuza. Ila piga nondo rangi ya kuzuia kutu kabla hujatundika.