Naomba ushauri: jirani Mzungu anadhani hatumtaki nyumbani

Assalam aleykum ndugu zangu. Sisi tunaishi Lamu mjini, nyumba ya mawe ya kizamani yenye daka, yaani ukumbi mdogo wa mlangoni, na baraza kila upande wa mlango. Mgeni mwanamume asiye wa nyumba hupokewa hapo dakani, akaletewa kahawa na halua, mazungumzo yakaenda mpaka adhana. Ndani ni sitara ya wanawake. Nyumba zenyewe zimejengwa hivyo: hata ukishavuka mlango, njia inapinda kwanza ili macho yasifike kiwandani, yaani uani.

Jirani yetu Mjerumani amenunua nyumba mtaa huu huu. Mtu mwema, na Kiswahili anajitahidi. Kwake, rafiki akija hutembezwa nyumba nzima mpaka jikoni. Juzi kamwambia mume wangu, uso umemwiva, kwamba siku zote tunamweka nje kama mwuza samaki. Iliniuma sana. Mahamri anayokula pale nayakanda mimi kwa mikono yangu.

Kilichozidisha ni kwamba mkewe huingia kwangu mpaka chumbani, tukapakana hina. Basi yeye anaona mke anapendwa, mume hatakiwi.

Mume wangu asema tumwache, ataelewa mwenyewe. Shemeji ataka akaribishwe ndani siku moja, sisi wanawake twende kwa mama. Mimi sikubali kuhamishwa kwangu, lakini ujirani huu siutaki uvunjike. Je, nimweleze mkewe, au mzee wa mtaa ndiye azungumze naye? Na nyinyi wa Malindi na Watamu, mliozoeana na Wazungu, mlianzaje maneno kama haya?